Uduvi wa Kuzalisha Nyumbani: Cheri, Kristali, Amano au Ochonga kwa Mfugaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mtu anayetaka kuzalisha uduvi kwenye tangi la kioo sebuleni kwa kawaida huchagua kwa macho. Huvutiwa na rangi, akauliza bei, akanunua, na baadaye ndipo anapoanza kupima maji. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa, kwa sababu maji yanayotoka kwenye mfereji wako na joto la chumba ambamo tangi litakaa ndiyo yanayoamua kama majike watabeba mayai hadi yaanguliwe na kama watoto watafika umri wa kuzaa. Mambo hayo mawili yanatofautiana sana kati ya Nakuru na Kisumu, na yanatofautiana kwa namna inayomsumbua hasa yule anayetamani uduvi wa bei ghali.

Wanaolinganishwa hapa ni wanne. Wa kwanza ni uduvi wa cheri, ambaye wataalamu humwita Neocaridina davidi. Asili yake ni China na Taiwan, na kule porini ni wa kahawia hafifu, lakini wafugaji wamemchagua kizazi baada ya kizazi hadi wakapata wekundu, wa manjano, wa buluu na hata weusi. Wa pili ni kristali, mwenye mabaka mekundu na meupe au meusi na meupe, anayetokana na uduvi wa kusini mwa China waliopewa jina la kisayansi Caridina logemanni mwaka 2014. Ukoo wake mwekundu ulianzishwa Japani na mfugaji Hisayasu Suzuki katika miaka ya 1990. Wa tatu ni Amano, Caridina multidentata, aliyepewa jina la Takashi Amano, Mjapani mpiga picha na mpambaji wa matangi aliyemtumia kula mwani. Wa nne hauzwi kwa mapambo, ila yupo karibu nasi kuliko wote: ni Caridina nilotica wa Ziwa Viktoria, ambaye wakazi wa ufukoni humwita ochonga na ambaye wauzaji wa malisho ya kuku na samaki humjua akiwa amekaushwa.

Tuanze na namna wanavyozaa, kwa kuwa hapo mmoja wao anaondoka mashindanoni mara moja.

Jike wa cheri na jike wa kristali huzaa kwa njia moja. Mayai hukomaa kwanza ndani ya mwili, yakionekana kama tandiko la manjano au la kijani nyuma ya kichwa. Kisha jike hujivua gamba, madume humzunguka kwa fujo tangi zima, na mayai hushuka chini ya mkia ambako huyapepea kwa miguu yake ya kuogelea. Jike wa cheri hubeba mayai 20 hadi 30 hivi, kwa muda wa wiki 3 hadi 5 kutegemea joto. Wanaoanguliwa ni uduvi kamili wenye urefu wa milimita 2 hivi, ambao siku ileile huanza kukwangua utando wa vijidudu kwenye majani na mawe. Hawahitaji chakula cha pekee wala tangi la pili. Hii ndiyo sababu mtu asiye na uzoefu wowote anaweza kufanikiwa na cheri, mradi maji yake yasiwe na kasoro kubwa.

Amano ni kinyume chake kabisa. Jike wake hubeba mayai zaidi ya 1,000, na anayemwona akiwa amejaa hivyo hudhani amepata utajiri. Lakini wanaoanguliwa ni viluwiluwi ambao katika mito ya Japani huchukuliwa na maji hadi baharini, na wasipofika kwenye maji ya chumvi ndani ya siku chache hufa wote. Kuwalea nyumbani kunadai tangi la pembeni lenye chumvi maalumu ya bahari (chumvi ya mezani haitoshi, kwa kuwa inakosa madini mengine), mwani wa kijani unaooteshwa kwa ajili yao pekee, mwanga wa muda mrefu, na kisha kuwarudisha polepole kwenye maji yasiyo na chumvi baada ya mwezi mmoja au zaidi, pindi wanapobadilika kuwa uduvi. Wapo wanaoiweza kazi hiyo. Kwa mtu wa Kisumu au Nakuru anayetaka uduvi waongezeke wenyewe, Amano anunuliwe kwa kazi ya kusafisha mwani tu, na hesabu ya kuzalisha ifanywe kwa wale watatu wengine.

Ochonga yuko katikati. Anazaa kwenye maji yasiyo na chumvi, kama ziwa lenyewe linavyoshuhudia, ila watoto wake huanza maisha wakielea majini kabla ya kutulia kwenye majani. Kichujio chenye mvuto mkali huwafyonza, na maji meupe kupita kiasi huwanyima chakula. Anayemfuga hana budi kuacha maji yawe na ukijani kidogo na kutumia kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa iliyopunguzwa nguvu.

Maji ya Kisumu na maji ya Nakuru

Hapa ndipo penye uzito wa ulinganisho wote, na msomaji aniwie radhi nikikaa kidogo.

Uduvi hutengeneza gamba jipya kwa kalisiamu na magnesi zilizomo majini na katika chakula. Kiasi cha madini hayo mawili hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa GH. Kipimo cha pili, KH, huonyesha bikaboneti, ambazo hushikilia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, isishuke. Cheri hupenda GH ya kati ya 6 na 12, KH ya kati ya 2 na 8, na pH ya kuanzia 6.5 hadi 8. Kristali hutaka GH ya 4 hadi 6, KH iwe sifuri au ikaribie sifuri, na pH iwe chini ya 7, yaani kati ya 5.8 na 6.8. Kipimo cha tatu, TDS, hujumlisha vyote vilivyoyeyuka majini bila kutofautisha, na kwa sababu kalamu ya kukipima ni rahisi kupata, wengi hukitegemea kuliko inavyostahili.

Maji ya Ziwa Viktoria ni laini. Yana madini machache, kalisiamu yake ni ndogo, na mfereji wa Kisumu unaopokea maji ya ziwa, au ya mto Kibos kupitia Kajulu, hauongezi mengi zaidi ya dawa za kuyasafisha. Mfugaji wa cheri akitumia maji hayo jinsi yalivyo, uduvi watakula, watatembea, hata watabeba mayai, kisha mmoja baada ya mwingine watapatikana wamekufa wakiwa na mkanda mweupe ulionyooka kuzunguka mwili mahali ambapo gamba lilipasuka bila kuvuka. Hiyo ni dalili ya kujivua gamba kulikoshindikana, na kwa maji ya namna hii mshukiwa wa kwanza ni uhaba wa kalisiamu. Tiba yake si ngumu: chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya uduvi, au vipande vya matumbawe au chokaa ndani ya kichujio. Ganda la yai lililochemshwa na kupondwa husaidia pia, ingawa kwenye maji yenye pH ya juu huyeyuka polepole mno na haliwezi kutegemewa peke yake.

Nakuru ni habari nyingine. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyapa maji mengi ya visima virefu sodiamu, bikaboneti na floridi kwa wingi, huku kalisiamu ikibaki kidogo. Floridi hiyo ndiyo inayopaka meno rangi ya kahawia katika sehemu nyingi za bonde. Maji ya aina hiyo humdanganya mwenye kalamu ya TDS. Atasoma 300 na kuridhika kwamba madini yapo, kumbe karibu yote ni sodiamu na bikaboneti, ambazo hazijengi gamba. Mfugaji wa Nakuru anayetumia maji ya kisima apime GH na KH kwa dawa za matone, kila kimoja peke yake, kabla ya kununua hata uduvi mmoja. Akikuta KH ya 10 na GH ya 2, dawa yake ni kuyachanganya na maji ya mvua ili bikaboneti zipungue, kisha kuongeza kalisiamu na magnesi. Kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimetumika Nakuru kwa miaka mingi kupunguza floridi katika maji ya kunywa, hakipunguzi bikaboneti kwa kiwango cha kumfaa kristali. Asijipe moyo bure mtu kwamba maji yaliyo salama kwa meno ya watoto yamekuwa laini.

Kwa cheri, basi, miji yote miwili inarekebishika kwa gharama ndogo, Kisumu ikiwa rahisi zaidi kwa sababu kuongeza kitu majini ni kwepesi kuliko kukiondoa. Kwa kristali mambo yanageuka. Kisumu ina maji laini yanayokaribia yale anayoyataka, lakini haina ubaridi. Nakuru ina ubaridi, lakini maji ya visima vyake yanampinga kwa kila kipimo.

Joto la chumba

Kristali hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, na kadiri maji yanavyopanda kupita 26 ndivyo majike wanavyoacha kubeba mayai au kuyaangusha. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Januari au Februari nje hufika nyuzi 30. Chumba chenye paa la mabati bila dari huweza kuzidi hapo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3 kwa kuyafanya yavukize, ila maji yanayopungua ni maji matupu na madini hubaki nyuma, kwa hiyo ya kujazia lazima yawe ya mvua au yaliyochujwa na si ya mfereji. Na stima ikipotea mchana kutwa, feni nayo imepotea. Kwa maoni yangu, kufuga kristali Kisumu bila chumba chenye ubaridi wa uhakika ni kujitafutia hasara, hata kwa mtu mwenye pesa za kutosha.

Nakuru, kwa kimo chake cha mita 1,850 hivi, ina usiku wa baridi unaoshusha maji ya tangi lisilo na kipasha joto hadi karibu na nyuzi 18 au 19, na kristali hawaoni taabu. Kericho na Eldoret, zilizo juu zaidi ya mita 2,000, huenda zikahitaji kipasha joto katika miezi ya Juni na Julai. Ningeulizwa mahali pa kristali katika eneo lote hili, ningetaja Kericho bila kusita, kwa kuwa ina ubaridi pamoja na mvua ya mwaka mzima, na maji ya mvua ndiyo msingi mzuri zaidi wa kutengenezea maji yao. Kakamega ina mvua nyingi vilevile na joto la wastani. Huko kristali wanawezekana katika chumba cha ndani kisichopigwa na jua.

Cheri huvumilia kuanzia nyuzi 18 hadi 28, kwa hiyo hakuna mji hapa unaomkataa. Tofauti ni mwendo. Kisumu mayai huanguliwa ndani ya wiki 3 na watoto hukomaa ndani ya miezi 2 au 3, lakini wazazi huishi muda mfupi zaidi na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Nakuru kila kitu huchelewa, na uduvi huishi zaidi. Lipo jambo jingine ambalo wafugaji wachache huliangalia: majaribio yaliyofanywa kwa spishi hii yalionyesha kwamba waliolelewa kwenye nyuzi 20 walitoa majike wengi, na waliolelewa kwenye nyuzi 26 wakatoa madume wengi. Anayefuga Kisumu akiona kizazi cha pili kimejaa wembamba wasio na tandiko, yaani madume, asiharakishe kumlaumu muuzaji. Ashushe joto kidogo, au aongeze majike kutoka kwingine.

Maji ya mvua na ya kibandani

Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yana TDS ndogo sana, na ndiyo yanayomwezesha mtu wa Nakuru kufikiria kristali. Yakingwe baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi na kinyesi cha ndege, yasitoke kwenye paa lililopakwa rangi karibuni, na yasikae muda mrefu kwenye mfereji wa mabati, kwa maana zinki na shaba ni sumu kwa uduvi kwa viwango ambavyo binadamu havimgusi. Njia nyingine ni vibanda vya mtaani vya kujaza mitungi ya lita 20, ambavyo vingi huchuja maji kwa utando wa osmosisi. Vingine huyarudishia madini ili yawe na ladha, hivyo enda na kalamu yako ya TDS: ikisoma chini ya 20, hayo ni maji matupu yanayofaa; ikisoma 80, huo ni mchanganyiko usioujua.

Maji matupu hayafai kutiwa tangini hivyo hivyo. Kwa kristali huongezwa chumvi inayopandisha GH pekee hadi TDS ifike 100 hadi 150, na chini ya tangi hutandikwa udongo maalumu wa punje uliookwa, unaonyonya bikaboneti na kushusha pH. Udongo huo huagizwa kutoka nje, huchoka baada ya mwaka mmoja hadi miaka miwili, na ukimwagiwa maji ya kisima ya Nakuru huchoka mapema zaidi. Cheri hauhitaji, kwake kokoto za mtoni zilizooshwa vizuri zinatosha. Ukijumlisha udongo, chumvi, vipimo na bei ya uduvi wenyewe, kristali ni gharama inayojirudia, wakati cheri ni gharama ya mwanzo tu.

Dawa ya mbu

Kuanzia Busia hadi Homa Bay watu hulala ndani ya vyandarua vyenye dawa, na serikali imepulizia nyumba dawa katika baadhi ya kaunti za magharibi. Dawa za jamii ya piretroidi zinazotumika kwenye vyandarua, makopo ya kupuliza na koili huua uduvi kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu uduvi na mdudu ni ndugu wa karibu kimaumbile. Hapa hakuna aina iliyo bora kuliko nyingine. Ochonga, cheri na kristali hufa sawasawa. Usifunike tangi kwa chandarua kuukuu, usikitumie kutengenezea wavu wa kuvulia, na nyumba ikipulizwa, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, na likae kwenye chumba kisichopulizwa. Hatari hiyo iko kwenye mboga pia: sukuma wiki ya sokoni iliyonyunyiziwa dawa juzi inaweza kumaliza tangi usiku mmoja. Terere la bustanini kwako, lililochemshwa dakika chache, ni salama, na majani makavu ya mpera au mkungu ni chakula cha polepole ambacho watoto hukitegemea zaidi ya chochote cha dukani.

Ochonga kwa nani?

Nimemweka ochonga kwenye ulinganisho kwa sababu watu wa ziwani huniuliza kwa nini wanunue uduvi wa kigeni na hali wao wanao. Swali ni la haki. Baada ya mbuta (sangara) kuletwa ziwani na samaki wadogo waitwao fulu kupungua vibaya katika miaka ya 1980, ochonga waliongezeka sana na wakawa chakula kikuu cha mbuta wachanga. Ni kiumbe hodari, na joto la Kisumu na maji yake laini ndiyo makazi yake. Mwalimu wa bayolojia, au mfugaji wa samaki anayetaka chakula hai, atamfurahia. Kwa mapambo hafai: anang'aa kama kioo, hujificha, na mgeni sebuleni ataona majani tu. Wale wanaonaswa pamoja na omena hufika ufukoni wamekufa au wamechoka, hivyo utalazimika kuwapata wazima kwa wavu mdogo kwenye magugu ya ukingoni, mahali penye kichocho. Watenge wiki kadhaa kwenye ndoo yenye kichujio kwanza, kwa kuwa pamoja nao huja lava wa kereng'ende, ambao hula uduvi wadogo mmoja mmoja hadi waishe.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba cheri hapaswi kufika ziwani. Tayari wameonekana wakiishi huru kwenye maji ya nje huko Ujerumani na Poland, mahali ambapo viwanda hutoa maji ya uvuguvugu. Ghuba ya Winam, pale Kisumu, haihitaji kiwanda ili iwe na uvuguvugu. Maji ya kubadilisha yamwagwe bustanini, si kwenye mtaro. Kuingiza viumbe hai wa majini kutoka nje ya nchi kunahitaji idhini chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, kwa hiyo nunua kwa mfugaji wa hapa nchini ambaye uduvi wake wamekwisha kuzaa kwenye maji ya hapa. Hao pia huishi vizuri kuliko waliotoka ndegeni wiki iliyopita.

Utakapomwendea, mwombe akupimie GH, KH na TDS ya tangi lake, uandike. Nunua 10 hadi 15 wachanga wa rangi moja, kwa maana wekundu na buluu wakichanganywa huzaana, na baada ya vizazi vichache wengi hurudi kwenye kahawia ya porini. Cheri na kristali, kwa upande mwingine, hawazaani, ingawa maji yanayomridhisha mmoja humchosha mwingine. Tangi la lita 20 hadi 40 ambalo fundi wa vioo anaweza kulibandika linatosha, likiwa limeendeshwa kwa wiki 4 hadi 6 bila uduvi hadi amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome sifuri. Wasiwekwe pamoja na samaki ikiwa shabaha ni kuzalisha. Hata gapi humeza watoto. Siku ya kuwaleta, maji ya tangi lako yadondoke ndani ya chombo chao tone kwa tone kupitia mrija mwembamba uliofungwa fundo, kwa saa moja kwa cheri na saa mbili au zaidi kwa kristali, kisha wahamishwe kwa wavu bila kumwagia tangini maji waliyokuja nayo.